Mtoto Anayelia Kwenye Ndege Hana Pepo!



Likizo imefika na wengi wenu mnapanda ndege kwenda Mombasa, Kisumu, wengine ng'ambo. Leo nina neno kwa mpendwa anayefunga mkanda, anaomba sala ya safari, anafungua Biblia kwenye simu, halafu mtoto wa kiti cha nyuma akilia, anageuka na jicho la Farao.

Ndugu yangu, akina mama kama huyo ndio tunaowakeshea tukiomba wapate watoto, na wewe huitikia "Amina!" kuliko wote. Ulidhani Mungu atawapa watoto wasio na sauti?

Na kelele tuzikemee sisi? Sisi wenye spika za kesha hadi saa kumi alfajiri, mtaa mzima ukituvumilia bila kuonja hata chai yetu? Nairobi hadi Mombasa ni kama saa moja tu angani!

Mwaka 2013, AirAsia X ya Malaysia ilitenga viti ambako watoto wadogo hawaruhusiwi kuketi. Kuna waumini wanaotamani hilo lifike huku. Hamjaanza nyinyi. Soma Marko 10:13-16. Wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto, na Bwana akachukizwa. Hakuchukizwa na watoto, alichukizwa na wanafunzi!

Kabla ya kukemea pepo, elewa sikio. Ndege ikishuka, shinikizo la hewa ndani huongezeka na kusukuma ngoma ya sikio. Mrija wa kutoka sikioni hadi kooni ndio unaosawazisha mambo, na wa mtoto ni mwembamba. Wewe unameza mate na kumumunya peremende. Yeye hajui hilo. Analia kwa sababu anaumia.

Basi fanya hivi:

1. Akipiga kiti chako teke, pokea masaji ya bure. Wenzako hulipia. Yakizidi, zungumza na mzazi kwa upole.

2. Jifunike uso kwa leso, kisha ufunue ghafla. Rudia hadi acheke. Uzee wako wa kanisa hautapungua.

3. Mwambie mama, "Nipe nimshike, nawe ule kidogo." Huo ni ushuhuda kuliko trakti kumi.

Nanyi wazazi, msicheke sana, zamu yenu imefika. Mnyonyesheni mtoto, au mpeni chupa, ndege inaposhuka, kwa sababu kumeza hufungua ule mrija. Msimpe dawa ya mafua ili alale. Dawa si yaya! Ina hatari zake, na watoto wengine badala ya kulala huchangamka zaidi. Na huyo wa miaka sita anayeruka juu ya kiti hana shida ya sikio. Huyo ni Mithali 22:6 iliyoachwa nyumbani. Mfundishe kabla ya safari, usimwachie mhudumu wa ndege.

Tunahubiri uvumilivu kama tunda la Roho, lakini tunda halijulikani kwa mahubiri. Linajulikana likionjwa, na mara nyingine anayelionja ana meno mawili tu.

Mwambie jirani yako wa kiti: "Jirani! Hata wewe ulilia, mtu akakubeba!"

Kama uko tayari kumshika mtoto wa mwenzako, andika AMINA. Mbarikiwe.