Dawa ya miti na kidonge cha aleji: tusivichanganye kwa siri



Wakati wa kupukusua mahindi na kukoboa kahawa, vumbi linajaa depo nzima. Watu wanapiga chafya, macho yanawawasha, ngozi inatoka vipele. Ndiyo aleji. Wengi wanapita kwenye farmasi ya soko, wananunua klorofeniramini ao prometazini, kisha wakifika nyumbani wanakunywa pia dawa ya miti iliyoachwa na wazee. Na hawaambii mtu.

Sisi hatupigani na miti. Miti mingi ina nguvu ya kweli, na ni juu ya hiyo nguvu tunaandika. Anayesema « ni majani tu, haiwezi kuleta shida » ndiye anayeidharau miti.

Tuanze na datura, ule muti wa maua makubwa kama tarumbeta ambao wengi wamepanda kama uzio. Kuna watu wanaovuta moshi wa majani yake juu ya pumu, na wengine wanayachemsha. Datura inakausha mate, inafanya moyo upige mbio, inazuia mkojo, na ikizidi inavuruga akili. Sasa, klorofeniramini na prometazini nazo zinakausha kinywa na zinaweza kuzuia mkojo. Ukiweka moja juu ya ingine, nguvu zinajumlishwa. Muzee ambaye tayari anapata shida ya kukojoa anaweza kufungwa mkojo kabisa. Mtu akianza kuongea maneno yasiyo na maana, mwili ukiwa moto na mkavu, familia inaweza kufikiri ni pepo ao malaria ya kichwa, na saa zinapotea. Huyo sherti apelekwe hospitali mara moja.

Kisha kuna pombe. Dawa nyingi za miti zinalowekwa ndani ya kanyanga ao zinachanganywa na kasiksi. Vidonge hivi viwili vinaleta usingizi, hata bila pombe. Pamoja na pombe, usingizi unakuwa mzito, na unaweza kumfuata mtu mpaka kesho yake asubuhi, wakati anapanda moto ao anaweka mkono karibu na mashine ya kusaga.

Kwetu Kivu kuna pia kwinkina, ambayo inalimwa tangu wakati wa Wabelgiji. Wakulima wanaoiuza wanachemsha gome lake wenyewe juu ya homa. Gome hilo lina kwinini, na kwinini inaweza kuharibu mwendo wa moyo. Prometazini nayo inaweza. Na nani anajua kikombe kimoja cha gome kina kwinini ngapi? Kidonge kina kipimo kilichoandikwa, sufuria haina.

Wamama, hapa tunawasemesha ninyi. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni, mara nyingi ndani yake kuna siproheptadini, ambayo nayo ni dawa ya aleji. Anayevimeza pamoja na klorofeniramini anakunywa dawa za aina moja mara mbili bila kujua. Na prometazini haipewi mtoto ambaye hajafikisha miaka 2, hata kidogo, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Kumpa ili alale, halafu kumwongezea maji ya miti, ni hatari kubwa.

Maoni yetu ni haya. Kosa haliko kwa mkulima peke yake. Mgonjwa anaficha dawa ya miti kwa sababu siku aliyoisema kwenye kituo cha afya alichekwa ao aligombezwa. Muganga anayecheka hivyo anajifungia mlango wa habari anayoihitaji. Tunaomba wale wanaohudumia wanamemba wetu waulize kila mgonjwa, kwa heshima, « umekunywa miti gani? », kama wanavyouliza kuhusu homa. Waganga wa kienyeji nao waulize kuhusu vidonge. Wengi wao wako wanamemba wenzetu, haitakuwa kazi ngumu.

Upande wa koperative, tunataka komite ikubali jambo moja: aliyekunywa klorofeniramini ao prometazini asikae kwenye mashine siku hiyo, apewe kuchambua kahawa, kwa malipo yaleyale. Bila malipo yaleyale ataficha, na tutarudi palepale. Wengine watasema koperative itapoteza. Tunajibu kwamba mkono uliokatwa na mashine unapoteza zaidi. Na vitambaa vya kufunika pua ni bei ndogo. Vikiwekwa depo kabla ya mavuno, wengi hawatahitaji kidonge chenyewe.

Mwenye aleji ya kila msimu aulize muganga kama setirizini inamfaa. Kwa watu wengi inaleta usingizi kidogo kuliko zile mbili, ijapokuwa pombe nayo haifai juu yake.

Ukienda kwenye kituo cha afya, beba pakiti ya vidonge, na kama unatumia muti, beba tawi lenye majani yake. Jina la muti linabadilika kutoka kilima hiki mpaka kile, lakini jani muganga ataliona.