USIMPUNJE MAMA WA KIONDO



Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, viondo vimepata wanunuzi tena huku kwetu Kitui na Makueni. Tunamshukuru Mungu. Lakini nina neno nawe.

Yule mama amekata mkonge, akaukwangua, akaanika nyuzi, akazisokota pajani, kisha akasuka mzunguko kwa mzunguko, siku nyingi. Wewe unafika na kusema, "Punguza mama, ni kamba tu." Ukiwa duka la Nairobi, mbona unalipa kimya bei iliyoandikwa?

Soma Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na hakutumwa kuhubiri. Alipewa kuchonga mbao, kukata mawe na kufua dhahabu. Sisi tunaokesha tukiomba ujazo wa Roho, tunadharauje kazi ya mikono?

Wiki hii nunua kiondo kwa msukaji mwenyewe, si kwa broka. Lipa bei yake yote. Ndiyo karo ya mtoto wake. Usimwombee milango ifunguke Jumapili, halafu Jumatatu umfungie kwa shilingi hamsini.

Andika AMINA, kisha uende sokoni. Barikiwa.