Mpira wa Dizeli na Mshahara wa Dereva



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, nyumba za kambini na mikataba ya hiari. Leo naomba mniruhusu niandike juu ya kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono. Msicheke. Kwa ajili ya kipande hicho dereva mwenzetu amekatwa mshahara miezi miwili na kuitwa mwizi mbele ya watoto wake, na wachuma chai waliokuwa wakipanda nyuma ya lori lake walikuwa hatarini kuungua bila kujua.

Nasema juu ya mpira wa kurudishia dizeli. Kwa faida ya ndugu wasiofanya kazi na magari, nieleze kidogo. Injini ya dizeli haichomi mafuta yote yanayofika kwenye nozeli. Pampu ya injekta huyasukuma kwa nguvu kubwa mno, nozeli hunyunyiza kiasi kinachotakiwa, na kiasi kidogo hupenya kando ya sindano iliyo ndani ya nozeli, huilainisha, kisha hutokea juu. Mafuta hayo hayatupwi, hurudi tangini. Katika malori mengi ya zamani, kama Isuzu ya shamba ninalolisemea, kuna mrija mwembamba wa chuma unaopita juu ya nozeli zote, na mwishoni mwake huungwa mpira. Ndani ya mpira huo nguvu ya mafuta ni ndogo, nayo dharau huanzia hapo hapo. Watu husema: mafuta yanarudi tu, basi mpira wowote utafaa.

Shamba lenyewe ni la chai, hapa kwetu Uganda. Mwaka jana karani wa mafuta alipiga hesabu akaona lori linakula dizeli kupita zamani, ingawa safari ni zile zile. Meneja hakumwita fundi. Alimwita dereva. Akaambiwa kwamba anauza mafuta njiani, na mwisho wa mwezi fedha zikakatwa. Mwezi wa pili zikakatwa tena.

Niseme kweli, sikwenda pale nikiwa na hakika. Wapo madereva wanaouza dizeli, na tukikana jambo hilo tunajidanganya wenyewe. Hao ndio wanaotufanya tusisadikiwe siku tunaposema kweli. Kwa hiyo sikuanza kwa kupiga kelele ofisini. Nilimwomba mwenyekiti wa tawi, dereva na fundi wa karakana tukutane kwenye lori asubuhi, kabla halijaenda kupima majani.

Fundi alipoinua kebini tuliona upande mmoja wa injini umelowa, na vumbi limegandamana juu yake kama udongo wa kukandika nyumba. Mpira wa kurudishia ulikuwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kimefungwa kwa waya wa kawaida. Ulikuwa umevimba, na nilipoubonyeza ukawa laini kama muhogo uliopikwa. Tuliwasha injini, tukatega kopo la nusu lita chini ya maungio. Lilijaa kwa muda wa saa moja na nusu, gari likiwa limesimama tu. Lori lile hufanya kazi saa 9 kwa siku. Hiyo ni lita 3 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni lita 78. Mwizi wetu tukawa tumemkamata, yumo ndani ya injini.

Simlaumu fundi. Aliniambia kwamba aliomba mpira wa dizeli, akajibiwa stoo hakuna, na lori lilitakiwa kutoka saa ile ile. Mwenye hukumu ni yule aliyeona ni uchumi kukataa kununua mpira ambao bei ya mita yake moja ni kama bei ya lita chache za dizeli.

Sasa, mpira upi unafaa? Jambo hili lisiachwe kwa mwenye duka wala kwa karani wa manunuzi peke yake. Dereva, taniboi na mjumbe wa kamati ya usalama walijue, ili waweze kukataa kitu kibovu kwa hoja.

La kwanza ni mpira umetengenezwa kwa kitu gani. Mpira wa asili, ule unaotoka katika mti, hunywa dizeli ukavimba. Mipira mingi ya rejeta hutengenezwa kwa aina inayoitwa EPDM. Hiyo ni hodari kwa maji ya moto, lakini mafuta ya petroli na dizeli huiharibu, hata kama ni mpya na imara ukiitazama. Plastiki nyeupe ya kuona ndani hupendwa na mafundi wa barabarani kwa sababu mtu huona mafuta yakipita, lakini ikikaa karibu na injini hukauka kwa joto, ikawa ngumu na kupasuka. Kinachofaa ni mpira wa naitrili, wenye nyuzi ndani yake au kitambaa kilichosukwa nje. Ulio bora zaidi kwa joto ni ule wenye ngozi ya ndani ya aina ya FKM, ila bei yake ni kubwa, na kwa lori la kawaida la dizeli naitrili yatosha. Soma maandishi ubavuni. Mpira wa mafuta wa kweli huandikwa kiwango chake, kama SAE 30R7 au DIN 73379. Usio na maandishi yoyote urudishe dukani.

La pili ni kipimo. Usipime kwa macho, wala usipime mpira wa zamani uliokwisha kuvimba. Pima kile kichwa cha chuma unachovishwa. Tundu la mpira liwe sawa nacho au dogo kwa kiasi kidogo mno, ili ubane. Magari madogo ya zamani ya Mercedes-Benz ya dizeli hutumia mpira wenye tundu la milimita 3.2 kati ya nozeli na nozeli, nao hushika wenyewe bila klipu. Mpira mpana wa kwenda tangini unahitaji klipu ya duara inayobana pande zote. Waya hukata mpira upande mmoja na kuacha upenyo upande wa pili.

Halafu kuna urefu na njia. Ukiwa mfupi mno huvutwa injini inapotikisika, ukiwa mrefu hujikunja, na mafuta yakikosa njia ya kurudi hutafuta pa kutokea kwenye maungio mengine. Usiupitishe karibu na bomba la moshi. Na ndugu fundi, unapotafuta uvujaji injini ikiwaka, usipitishe mkono kwenye mirija ya chuma inayotoka pampu ya injekta kwenda kwenye nozeli. Huko nguvu ni kubwa, dizeli hutoboa ngozi ikaingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Tumia kipande cha boksi.

Wako watakaosema dizeli haiwaki kama petroli, kwa hiyo tunatia chumvi. Ni kweli kwamba njiti ya kiberiti inaweza kuzimika ndani ya dizeli iliyopoa, na ndiyo sababu watu wameizoea. Lakini dizeli ikipata joto linalozidi kidogo digrii 200 huweza kuwaka bila moto wowote kuisogelea. Bomba la moshi la lori linalopanda kilima na mzigo huweza kupita digrii 400. Mpira uliovimba ukichomoka pale juu, mafuta yanamwagikia wapi? Na nyuma, juu ya magunia ya majani, wamekaa akina mama wenye mitoto migongoni. Kwamba watu hawapaswi kubebwa hivyo ni neno jingine, nimelisema mara nyingi na nitalisema tena.

Turudi ofisini. Tulikwenda na kopo na kile kipande cha mpira. Meneja alikitazama kwa muda, kisha akasema vema, dereva anunue mpira mpya mwenyewe, maana ndiye aliyekabidhiwa gari. Hapo nilikasirika, na naamini nilikuwa na haki ya kukasirika. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Na mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unasema makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa hiari, au na uamuzi wa usuluhishi. Nasi hapa Uganda tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inayoweka mipaka ya makato. Meneja kushuku si mojawapo ya masharti hayo.

Lakini mwenyekiti wetu aliniuliza swali lililonitoa jasho: dereva alikwisha kutoa taarifa ya uvujaji? Alikwisha, mara kadhaa, kwa mdomo. Hakuna karatasi. Laiti angeandika mstari mmoja tu katika daftari la gari, makato ya kwanza yasingetokea. Tangu siku ile tawi limenunua madaftari ya kurasa 96, moja kwa kila lori. Dereva huandika kasoro na tarehe, fundi hutia sahihi, na nakala hubaki kwa mjumbe wa kamati. Asiyejua kuandika huandikiwa na taniboi wake. Kila baada ya miezi mitatu mjumbe huinama na kuibonyeza mipira yote kwa vidole. Iliyo laini mno, iliyo ngumu kama ukuni au yenye nyufa, inaandikwa kuwa ibadilishwe.

Mpira wa naitrili ulinunuliwa, mita 5, na shamba ndilo lililolipa. Lori limerudi kwenye matumizi yake ya zamani. Makato ya mwezi wa kwanza dereva amerudishiwa. Ya mwezi wa pili bado, ati karani anasubiri idhini kutoka makao makuu. Kopo lile tumeliweka katika ofisi ya tawi, na kikao kijacho tutakwenda nalo tena.