Mwalimu Anapoitwa Kwenye Kiti cha Umwene

Tumchukue mwalimu mmoja kwa mfano. Usimtafute kwa jina. Amefundisha miaka thelathini na ushee, amestaafu, amerudi kijijini kwao huku Ufipa. Ana nyumba ya bati, shamba la mahindi na maharage, na Jumapili husoma somo la kwanza kigangoni. Jioni moja wazee wa ukoo wanafika. Hawasemi haraka kilichowaleta. Wanakula ugali, wanauliza habari za mvua, kisha mmoja anakohoa na kusema: “Mwalimu, kiti kimekaa wazi muda mrefu. Tumekaa, tumekuona wewe.” Mwalimu anaomba siku chache za kufikiri. Kesho yake asubuhi anakwenda kwa paroko.

Paroko amjibu nini? Yapo majibu mawili ya haraka, na yote mawili hatuyapendi. La kwanza ni kumkataza: umwene ni mambo ya mizimu, na mtu aliyebatizwa hana kazi nayo. La pili ni kumpigia makofi tu, kwa kuwa siku hizi machifu wamerudi katika heshima. Mwezi Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitawazwa kule Mwanza na kupewa jina la Chifu Hangaya, na tangu hapo mavazi ya kichifu hayakosekani kwenye sherehe za serikali. Sisi tunasema mwalimu akubali. Lakini akubali akijua anakubali nini, na aseme masharti yake kabla hajakaa, mbele ya watu, siyo baadaye chumbani.

Kwanza ajue kiti chenyewe ni kipi. Wazee wa Ufipa husimulia, na kuna namna zaidi ya moja ya kusimulia, kwamba mwene wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka juu akakaa Milansi. Vizazi vikapita. Siku moja mwene wa Milansi akiwa mawindoni, walifika wanawake wageni, Watwa, wakamkuta mkewe peke yake, na kiti kikachukuliwa. Mwene aliporudi hapakupigwa vita. Walipatana: yeye abaki na kilima chake cha Milansi na heshima ya mambo matakatifu, wao watawale nchi. Kutokana na Watwa hao zikapatikana tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, ambazo Wazungu walizikuta karne ya 19.

Hadithi hii tunaipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba walioanzisha utawala ule walikuwa wanawake, kwa hiyo wazee wakimfikiria mwalimu mstaafu aliye mama wasione wanavunja mila. Ya pili ndiyo kubwa. Ufipa ilijua zamani sana kwamba kipo kiti cha kutawala, na kipo kiti cha heshima kisichotawala. Mwene wa Milansi hakukusanya kodi ya nchi nzima, lakini hakuna aliyethubutu kumdharau.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu kama chombo cha utawala. Jambo hilo lilifanyika chini ya mtu ambaye baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na ambaye mwenyewe alifundisha St. Mary's Tabora na baadaye Pugu. Nyerere angeweza kujipamba kwa jina la baba yake. Watu walimwita Mwalimu, naye akaridhika. Tangu mwaka ule viti vyote vya jadi nchini vimekuwa kama Milansi. Mahakama ni ya serikali. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, chini ya mkutano mkuu wao. Mwene hana askari, hana mahabusu, hana stakabadhi ya kodi. Amebaki na mdomo na masikio.

Mwalimu ameishi hivyo hivyo miaka thelathini. Fimbo ilikuwepo, tusidanganyane, na wengine wetu tunaikumbuka kwenye vidole. Lakini fimbo haikumfundisha mtoto yeyote kugawanya kwa desimali. Aliyefaulu alifaulu kwa sababu mwalimu alieleza, akauliza, akasahihisha daftari kwa kalamu nyekundu, na penye kosa akaonyesha kosa liko wapi. Mtoto aliyeonewa alama aliweza kurudi na daftari lake mkononi na kusema, mwalimu, hapa nimepata. Mwalimu mzuri aliangalia tena.

Hapa tungempa mwalimu wetu asome maisha ya mtu wa upande wa pili wa nchi, karibu na bahari: Chifu Erasto Mang'enya wa Wabondei, huko Muheza, mkoa wa Tanga. Mang'enya alisoma Makerere, akawa mwalimu wakati wa Waingereza, na baadaye akawa chifu wa watu wake. Alikuwa miongoni mwa wasomi wachache walioingia kwenye uchifu katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Kisha uchifu ukafutwa, na hapo ndipo tunapomtazama kwa makini zaidi. Wengine waliopokonywa viti walibaki wakinung'unika. Yeye aliendelea kutumwa. Aliiwakilisha nchi Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1973 hadi 1975 alikuwa Spika wa Bunge, kati ya vipindi viwili vya chifu mwenzake, Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe.

Katikati ya hayo alifanya kazi ambayo sisi tunaiona kuwa kubwa kuliko uspika. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ikaanza kazi mwaka 1966, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mang'enya. Chombo cha namna hiyo kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Mwananchi aliyeonewa na mwenye cheo, awe wa serikali au wa chama, aliweza kupeleka malalamiko yake huko. Makamishna walisafiri wilayani, wakaketi, wakasikiliza watu. Hawakuwa na uwezo wa kutengua uamuzi wa mtu. Walichunguza, wakapeleka taarifa kwa Rais. Mwaka 2001 kazi hiyo ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Fikiria safari ya mtu huyu. Darasani alikuwa na mamlaka juu ya watoto. Kwenye uchifu alikuwa na mamlaka juu ya watu wazima, tena yaliyotiwa nguvu na dola ya kikoloni. Mwishoni akapewa kazi ya kusikiliza malalamiko dhidi ya wenye mamlaka, bila rungu mkononi. Mwaka 1984 kilichapwa Dar es Salaam kitabu chake cha kumbukumbu za utumishi wakati wa ukoloni, Discipline and Tears, yaani nidhamu na machozi. Jina hilo peke yake lingetosha kumfikirisha mwalimu anayetaka kuvikwa joho la umwene.

Wako wanaosema msomi kwenye kiti cha jadi ni kibaraka tu wa serikali. Inawezekana. Albert Luthuli alifundisha chuo cha Adams, huko Natal, Afrika Kusini, yapata miaka kumi na mitano. Watu wa Groutville wakamwomba awe chifu wao, akasita muda mrefu, na mwaka 1936 akakubali ingawa mshahara wa uchifu ulikuwa mdogo kuliko wa ualimu. Mwaka 1952 serikali ya Makaburu ilimwambia achague: uchifu au chama cha ANC. Hakujiuzulu kokote. Wakamwondoa kwenye uchifu, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Dunia nzima iliendelea kumwita Chifu.

Turudi huku juu, kwenye baridi yetu. Mwalimu wetu akishakaa, jaribio lake halitatoka ikulu. Litatoka kwa jirani. Mtoto atakufa ghafla, au radi itapiga ng'ombe, na vijana watataka aitwe kamchape. Jambo hili si geni Ufipa. Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliandika makala juu ya kamchape mwaka 1968, na mizizi yake inarudi kwa waganga wa mchape waliotoka upande wa Nyasa miaka ya 1930. Mji wetu wenyewe unaitwa Sumbawanga, na tafsiri tuliyokua nayo ni kwamba mgeni anaambiwa atupe uchawi wake. Tunacheka tukieleza jina hilo kwa wageni. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni hacheki.

Siku hiyo wazee watamtazama mwene wao. Akinyamaza, kamchape ataingia, na watu watalipa, na mtu fulani, kwa kawaida mjane au mzee asiye na watoto wa kumtetea, atatajwa. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini polisi wako mbali, na sheria haikai nyumbani kwa bibi usiku. Mwalimu ndiye anayeweza kusimama na kuuliza yale maswali ya darasani: nani ameona, ameona nini, alijuaje, mtoto alipelekwa zahanati lini, mganga wa zahanati alisema nini. Watu wazima watakasirika kuulizwa kama wanafunzi. Wakasirike. Tunasema wazi: mwene Mkristo ambaye kamchape anapiga kambi kijijini kwake naye anatoa baraka, au anajifanya amesafiri, afadhali angebaki na shamba lake la mahindi.

Jaribio la pili ni ardhi, na hapa tunasema machache kwa kuwa yanajulikana. Mtu wa mjini, au mfugaji mwenye ng'ombe wengi anayepanda kutoka bonde la Rukwa, atafika na bahasha kwa mwene akiamini bado ndiye mwenye nchi. Jibu ni moja: nenda ofisi ya kijiji, mkutano mkuu utasema.

Linabaki lile lililompeleka kwa paroko, matambiko. Kanisa halikulala juu ya swali la kuwaheshimu waliotangulia. Tarehe 8 Desemba 1939, baada ya ubishi wa karne nyingi kuhusu Wachina, Roma iliruhusu Wakatoliki wa huko kushiriki heshima za kiraia kwa Konfusio na kwa wazee wao waliokufa. Ilitofautishwa heshima na ibada. Tofauti hiyo tunaihitaji Ufipa pia. Kutaja majina ya wazee wa ukoo, kusafisha makaburi yao, kumwaga machozi huko Novemba, kukalia kigoda cha babu: hayo ni heshima, na mwalimu asiyaonee haya. Kumwomba marehemu mvua kana kwamba ndiye aishikaye ni jambo jingine, na kumchinjia ili asidhuru ni jambo jingine tena. Pale ambapo hatujui tendo fulani liko upande gani, na kusema kweli mara nyingi hatujui, waulizwe wazee maana yake kwanza, kabla padri hajatoa hukumu. Sisi waseminari tumesoma maana ya sakramenti kwa miaka. Ni vema tukaketi nusu siku kusikiliza maana ya kigoda.

Kwa hiyo paroko asimjibu mwalimu mlangoni. Amwambie arudi Jumamosi na wale wazee watatu wanne waliokuja jioni ile, waeleze siku ya kutawazwa itakwendaje kutoka asubuhi hadi usiku, nani atafanya nini, mbuzi ni wa nini, na pombe inamwagwa wapi. Mwalimu aje na daftari aandike.