Wingu Halina Mlango

Anayeishi Moshi hahitaji kufundishwa wingu ni nini. Alfajiri Kibo huonekana wazi, Mawenzi ikiwa kando yake. Mara nyingi kabla ya adhuhuri wingu huwa limekwisha panda kutoka msituni na kuufunika mlima mzima. Halikubisha hodi, wala hakuna aliyelikaribisha. Halina mlango, halina mwenyewe, na likiondoka halidai wala halidaiwi. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: neno "wingu", tulilolibandika juu ya huduma za kuhifadhi data kwenye intaneti, ni neno baya. Na sisi washairi, tuliopaswa kuwa wa kwanza kulikataa, tumekuwa wa kwanza kulikumbatia.

Tuanze na kitu chenyewe. Kinachoitwa wingu ni kompyuta nyingi zilizopangwa ndani ya jengo. Jengo hilo limesimama juu ya ardhi ya nchi fulani, lina mmiliki, lina walinzi, na linalipiwa umeme kila mwezi. Data zako zimewekwa humo kama gunia lilivyowekwa ghalani. Anayezitaka, awe mtu au programu, hana budi kupita mlangoni, na mlangoni pana utaratibu.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Mtu akifika nyumbani kwa watu, husema hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Na sote tulifunzwa utotoni kwamba "mimi" si jibu. Hutaja jina na ukoo. Huko ni kujitambulisha. Mwenye nyumba akiwa na shaka, hutaka dalili: sauti anayoijua, barua, au ishara waliyoagana, huo ni uthibitisho. Kisha husema "karibu", lakini karibu ya barazani si karibu ya chumbani. Hiyo ni idhini. Kutambulishwa, kuthibitishwa na kuidhinishwa ni hatua tatu, na Kiswahili kina maneno matatu kwa ajili yake. Ghala la data nalo huzifuata hizo hizo: jina la akaunti hukutambulisha, neno la siri au alama ya kidole hukuthibitisha, na kanuni alizoweka mwenye akaunti huamua kama utasoma tu, au utaandika na kufuta pia.

Watanzania tuliipitia shule hii kwa vitendo. Kuanzia Mei 1, 2019, laini za simu zilisajiliwa kwa alama za vidole. Wakala alikuwa na kifaa kidogo. Uliweka kidole, alama ikapelekwa kulinganishwa na ile iliyohifadhiwa NIDA, na jibu likarudi. Baada ya Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wakulima wa kahawa wa Kibosho na Marangu walielewa bila semina: namba ya NIDA yenye tarakimu 20 inasema wewe ni nani, kidole ndicho kinachoithibitisha. Kwa nini walielewa? Kwa sababu walisikia maneno "kitambulisho", "alama" na "usajili". Hakuna aliyewatajia wingu.

Itazameni tokeni pia. Programu ikishathibitishwa mlangoni, mara nyingi hupewa tokeni, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, ili isirudie kutaja neno la siri kila inapotaka kitu. Tokeni hiyo ina mipaka: hufungua mlango uliotajwa tu, na muda wake huisha. Wataalamu hulihangaikia neno hili wakitafuta la kulitafsiri. Waacheni! Kila nyumba yenye LUKU inalijua. Tarakimu 20 unazoletewa ukinunua umeme hufanya kazi kwenye mita yako, si kwa jirani, na zikishatumika hazitumiki tena. Mfanano huo si kamili, lakini umefundisha jambo kubwa kuliko fasili ya kurasa kumi.

Sasa neno "wingu" likiingia, elimu yote hii hubomoka. Nani atafunga wingu kwa ufunguo? Nani atauliza mmiliki wa wingu ni nani? Neno hilo humwambia msikilizaji kwamba vitu vyake vimepaa, viko salama huko juu, navyo vitashuka kama mvua atakapovihitaji.

Sisemi haya kwa kusikia. Miaka kadhaa iliyopita, wachache wetu tunaotunga mashairi hapa Moshi tulikusanya tungo zaidi ya mia tatu, nyingine za wenzetu waliokwisha kufariki, tukaziweka "winguni". Kijana mmoja mwema alitufungulia akaunti kwa namba yake ya simu. Neno la siri likawa moja kwa watu tisa, limeandikwa nyuma ya daftari. Kijana akahamia mjini kwingine, laini yake ikafungwa. Siku mmoja wetu alipopata simu mpya, huduma ilitaka namba ya uthibitisho, ikaituma kwenye laini isiyokuwapo tena. Tulibisha hodi wiki tatu. Mlango haukumjua hata mmoja wetu, na kwa kweli haukuwa na sababu ya kutujua. Tungo tulizoziokoa ni zile zilizokuwa bado kwenye karatasi. Simlaumu kijana, wala simlaumu mlinzi aliyefanya kazi yake. Nalaumu uzembe wetu, na nalilaumu neno lililoubembeleza uzembe huo. Lau tungeambiwa tunapeleka tungo ghalani, watu wazima tisa tungeuliza: stakabadhi iko kwa jina la nani?

Ndiyo, neno langu ni ghala. Nchi hii ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu 2005, na mkulima anajua kwamba mazao yakiingia ghalani hubaki na karatasi ya kuthibitisha kuwa ni yake. Lina ukoo mwema pia katika msamiati wa kompyuta. Aliyeunda neno "kanzidata" alichukua "kanzi", yaani hazina. Hazina huwekwa wapi? Ghalani, chini ya kufuli. Hazina iliyoachwa mawinguni ni hadithi ya watoto.

Nitajibiwa kwamba neno limekwisha kuenea. "Ngamizi" nalo lilipendekezwa kwa kompyuta, "tarakilishi" likaandikwa vitabuni, na umma ukaendelea kusema kompyuta. Lugha haiogopi kubadili mawazo. Nitajibiwa pia kwamba mataifa mengine nayo husema wingu. Na wao wamepotea. Kupotea kwa wengi hakuigeuzi njia. Wapo watakaosema wingu ni zuri kwa sikio. Ni zuri kweli, nami nimelitumia katika tungo zangu za mapenzi. Lakini kazi ya sitiari ni kufunua, na hii inafunika.

Hata sheria inanipa nguvu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mtunga sheria anajua data zina mahali na zinavuka mpaka. Wingu la Kilimanjaro huelea hadi Kenya bila pasipoti. Data za watu haziruhusiwi kuelea hivyo.

Basi, malenga wenzangu, mnaohifadhi diwani zenu mtandaoni, fanyeni haya leo. Kila mmoja awe na akaunti yake na neno lake la siri. Wenye mamlaka juu ya ghala wawe wawili au watatu, asiwe mmoja. Anayesoma tu asipewe idhini ya kufuta. Anayeondoka aondolewe kwenye orodha siku hiyo hiyo. Zile namba za akiba za kurejesha akaunti zichapwe, zifungiwe kabatini. Na kabla ya kuandika neno la siri, hakikisheni nyumba ni ile mliyoikusudia, maana mwizi naye hujenga mlango unaofanana. Kisha kaeni na wanafunzi wenu mkawaeleze, na mnapoeleza, mseme ghala.

Wingu halina mlango, lenye mlango ni ghala,
Neno hili la uongo, latufanya tukalala,
Tukizifungia tungo, mwizi hatapata hila,
Malenga, shikeni lengo, semeni wazi ni ghala.