Mzizi na Maana: Mfano wa Jina la Santiago

1.0 Utangulizi

Katika tafiti za majina ya watu umezoeleka utaratibu wa kutafuta neno la asili, kulifasiri, na kisha kuitangaza fasiri hiyo kuwa ndiyo maana ya jina. Utaratibu huo unafaa kwa majina kama Tabu, Mashaka au Sikujua, ambayo msemaji wa Kiswahili huyaelewa pindi ayasikiapo. Kwa majina yaliyosafiri kutoka lugha hadi lugha, utaratibu huohuo unapotosha. Makala haya yanalichunguza jina la kiume la Kihispania, Santiago, na kudai kwamba asili, maana na umaarufu ni mambo matatu mbalimbali. Kuyachanganya ni kuifuta historia ya watu waliolitumia jina.

2.0 Asili

Santiago ni muungano wa maneno mawili: Sant, yaani mtakatifu, na Yago, umbo la kale la Kihispania la jina Yakobo. Jina lilitoka katika Kiebrania (Yaakov), likapitia Kigiriki (Iakobos) na Kilatini (Iacobus). Maneno hayo mawili yalitamkwa pamoja hata mpaka baina yake ukasahaulika. Wareno wakaukata upya mahali pasipo pake, wakapata Tiago, jina ambalo t yake ni mabaki ya neno mtakatifu. Badiliko la namna hii si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili: neno la Kiarabu kitab lilipoingia, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, na wingi wake ukawa vitabu. Diego nalo huhusishwa na Santiago, ingawa hati za Kilatini za zama za kati huliandika Didacus, na wataalamu hawajaafikiana.

3.0 Maana

Vitabu vya majina husema kwamba Santiago maana yake ni mwenye kushika kisigino, au mwenye kutwaa nafasi ya mwingine. Fasiri hizo zatokana na Kitabu cha Mwanzo, sura ya 25 na ya 27, ambamo jina la Yakobo linahusishwa na maneno yanayokaribiana nalo kwa sauti. Baadhi ya wataalamu wa lugha za Kisemiti huona kuwa jina hilo ni ufupisho wa kauli yenye maana ya Mungu na alinde. Hivyo hata mzizi wenyewe una utata.

Lakini Mhispania wa zama za kati alipolisikia jina hilo hakufikiria kisigino. Alimfikiria mtume Yakobo mwana wa Zebedayo, ambaye kaburi lake lilidaiwa kuonekana Galicia katika karne ya 9, mahali palipokuja kuitwa Santiago de Compostela. Alifikiria pia vita, kwani jina hilo lilikuwa ukelele wa askari wa Kikristo waliopigana na Waislamu wa Andalusi. Mwaka 1195, huko Alarcos, jeshi la Castilla, lililokuwa na mashujaa wa Shirika la Santiago, lilishindwa na khalifa wa Almohadi, Abu Yusuf Yakubu al-Mansur. Kwa kigezo cha mzizi, pande zote mbili zilipigana chini ya jina moja. Kwa kigezo cha maana, hapakuwa na majina yaliyotengana zaidi. Tofauti hiyo ilifika hata Pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa, mji wa Waislamu waliomjua Nabii Yakubu, wakajenga humo ngome na kuiita kwa jina la Santiago.

Ushahidi wa Peru una uzito zaidi. Wenyeji wa milima ya Andes waliusikia ukelele wa Wahispania pamoja na mlio wa bunduki, wakamlinganisha mtakatifu huyo na mungu wao wa radi. Padri Pablo José de Arriaga, katika kitabu alichokichapa Lima mwaka 1621, anaeleza kuwa mmojawapo wa pacha aliitwa Santiago kwa sababu alihesabiwa mtoto wa radi. Jina la mtume likageuka jina la mazingira ya kuzaliwa, mithili ya Kurwa na Doto. Wakuu wa kanisa hawakulipuuza jambo hilo, bali waliagiza kwamba wenyeji wasiitwe Santiago, waitwe Diego. Ikiwa maana ya jina ni mzizi wake, marufuku hiyo haina maelezo.

4.0 Umaarufu

Umaarufu nao haufuati mzizi. Katika karne hii Santiago limekuwa miongoni mwa majina yanayopendwa sana kwa watoto wa kiume nchini Mexico na Colombia, ilhali Jacobo, lenye mzizi uleule, halikupata bahati hiyo. Katika Hispania yenyewe, miaka ya karibuni wazazi wametanguliza Hugo, Martín na Mateo. Nchi zilizoletewa jina hilo na watekaji ndizo zinazolienzi leo.

5.0 Hitimisho

Yawezekana kupinga hoja hii kwa kumfuata John Stuart Mill, aliyedai mwaka 1843 kwamba jina la pekee humtaja mtu bila kueleza sifa yake yoyote. Dai hilo lasaidia kuuondolea mzizi mamlaka usiyostahili, lakini halielezi kwa nini jina liogopwe, lipigwe marufuku au ling'ang'aniwe. Mtafiti wa majina hana budi kuuliza nani alimpa nani jina, kwa mamlaka gani, na nani alikatazwa kulitumia. Orodha ya majina na mizizi yake ni mwanzo wa kazi hiyo. Tasnifu inayoishia hapo haijaanza kuzungumzia maana.