Mayai yanapasuka? Angalia kalibu kabla ya kuongeza chokaa

Vijana wenzangu mnaofuga kuku wa mayai, tuongee ukweli. Mayai yakianza kupasuka kwenye trei, wengi wetu tunakimbilia kuongeza chokaa ya mifugo kwenye chakula. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapopotea, maana mara nyingi chokaa ipo ya kutosha na tatizo liko kwingine.

Fikiria tofali. Udongo uwe mzuri namna gani, bila kalibu unapata madonge tu. Ganda la yai nalo lina kalibu yake: ule utando mweupe unaouona ukimenya yai la kuchemsha. Umefumwa kwa nyuzi za protini, na juu yake kuna vinundu vidogo sana. Fuwele za chokaa huanzia kwenye vinundu hivyo, zikakua kwenda nje na kushikana kwa saa kama 20 hivi.

Wanasayansi wamelijaribu jambo hili maabara. Mwaka 1988, Stephen Mann na wenzake nchini Uingereza walitandaza asidi ya steariki, ambayo imo hata kwenye mafuta ya ng'ombe, juu ya maji yenye chokaa iliyoyeyuka. Molekuli zake zilisimama kwa mpangilio kama askari wa gwaride, unene wa molekuli moja tu. Chini yake fuwele zikaota zikiwa zimeelekea upande mmoja. Pasipo utando huo, zilikaa ovyo ovyo.

Sasa turudi bandani. Nyuzi za utando zinahitaji madini ya shaba ili zifungamane, na vinundu vinahitaji manganizi. Ni kiasi kidogo mno, lakini ukichanganya chakula mwenyewe bila premiksi, ndicho kinachokosekana. Ugonjwa wa IB nao hushambulia mrija wa mayai. Kuku anaweza kupona akaendelea kutaga mayai yenye makunyanzi, na chokaa haitamsaidia.

Sisemi uiache chokaa. Kuku anayetaga anahitaji gramu 4 hivi za kalsiamu kwa siku. Ila mtetea ambaye hajaanza kutaga akipewa nyingi, figo zake zinaumia.

Kwa hiyo kabla hujanunua gunia jingine, jibu maswali matatu: premiksi umeweka kwa kipimo? Chanjo ya IB walipata? Kuku wamezeeka kiasi gani? Ukishindwa kujibu hata moja, anzia hapo.